Polishi ya Baraza

Ijumaa ile Keneuwe alisema mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. "Mama, baiskeli usiiguse. Hata vumbi lake liache hapo hapo."

"Kwani mkono wangu una ukoma?" mama yake akamjibu. "Nenda zako dukani, ndizi zitakwisha."

Binti akacheka, akatoka. Mma-Keneuwe akabaki na ile baiskeli sebuleni, wawili tu, wakitazamana.

Sasa, huyu mama mtaa mzima wa Thabong ulimjua kwa baraza lake. Kila Ijumaa mchana alipiga magoti na kopo la polishi nyekundu, soksi kuukuu mkono huu, brashi mkono ule, na hanyanyuki mpaka aione sura yake sakafuni. Hakuna kitu kilichotoka nyumba ile bila kung'aa. Mumewe alipokwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Rustenburg, hata sanduku lake la bati lilipigwa polishi, wenzake wakamuuliza kama kaja na jeneza la bibi yake. Mwenyewe alikuwa na neno lake: mtu hupimwa mlangoni, kabla hajafungua mdomo.

Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa. Keneuwe, miaka kumi na saba, alikuwa anakwenda kushindana kwa baiskeli kwenye uwanja wa mbio za magari nje ya Welkom. Wasichana thelathini, mizunguko minane, na sita wa mwanzo wangeingia timu ya jimbo. Miezi saba alijiandaa kwa Ntate Lebusa, mzee mmoja aliyestaafu mgodini, akakusanya baiskeli kuukuu na watoto wa mtaa, akawafanya wawe kitu.

Jumapili iliyotangulia mzee huyo alikuja na kipande cha chaki, akauchora uwanja mzima juu ya baraza la watu bila hata kuomba. Watoto wakachuchumaa kumzunguka.

"Barabara hii ni ya magari, pana kama mto," alisema. "Kona zote mtapita bila kugusa breki. Isipokuwa hii." Akagonga chaki mpaka ikakatika. "Hii inaitwa Kiwiko. Mnashuka mteremko, upepo uko mgongoni, halafu barabara inajikunja ghafla. Hapa ni breki. Asiyefunga breki hapa atakwenda kumsalimia ukuta wa matairi, na hatakwenda peke yake, atawabeba wenzake."

Kisha akawakumbusha ishara zake. "Mkipita mbele yangu mnitazame. Kofia kichwani, kaa ndani ya kundi. Kofia juu, kimbia. Nikikaa chini ardhini, mashindano yako yamekwisha. Unatoka, unakuja kwangu, huniulizi."

"Umewahi kukaa, Ntate?" aliuliza Tieho, mvulana mwenye mdomo kuliko wote.

"Kwa magoti haya? Nikikaa utaniinua wewe?"

Wakacheka. Walipoondoka Mma-Keneuwe alilisugua baraza upya huku akinung'unika, lakini lile neno Kiwiko lilimbaki kichwani.

Si kwamba hofu kwake ilikuwa kitu kigeni. Kaka yake aligongwa na lori kwenye barabara ya Bultfontein, yuko juu ya baiskeli, anakwenda kazini, na mkate wake wa mchana ulikutwa haujaguswa. Tangu Keneuwe aanze mazoezi, mama yake alisimama getini kila asubuhi akipiga kelele mpaka watoto wapotee mwisho wa mtaa. Kaa pembeni! Polepole! Angalia nyuma! Funga breki! Tieho akampa jina la Honi. "Honi ya mtaa imeshalia," alikuwa akisema, "twendeni." Na Keneuwe, kwa aibu, akajifunza kutogeuka mama yake anapoita.

Ndiyo maana wiki ile mama alikuwa na furaha ngeni. Uwanja wa magari usio na magari! Siku hiyo hakuna lori, hakuna teksi, hakuna mlevi wa mwisho wa mwezi. Kwa mara ya kwanza mwanawe angeendesha mahali ambapo hakuna wa kumgonga. Alilala usingizi, akaamka anaimba.

Basi yuko sebuleni na baiskeli. Fremu ilikuwa safi, mnyororo umepakwa mafuta, lakini magurudumu! Ile rimu, duara la chuma linaloshika tairi, ilikuwa imefifia, ina michirizi ya kijivu ya raba za breki, kama sufuria ya mtu mvivu. Alijiambia hataigusa. Akaenda barazani, akapiga polishi yake. Akarudi. Michirizi ipo. Watu wa jimbo zima watamtazama mtoto huyu, pamoja na wazazi wenye magari yao na miwani yao, waseme wa Thabong kaja na uchafu wake.

Soksi ilikuwa mkononi tayari. Alipaka kidogo tu, upana wa kidole, akafuta. Pakawaka kama kijiko kipya. Ee, unaacha hapo? Ukiosha jicho moja utaacha la pili? Alizunguka gurudumu la mbele, akazunguka la nyuma, pande zote mbili, akasugua kwa brashi ile laini mpaka wekundu usionekane tena ukabaki mng'ao. Keneuwe aliporudi, mama alikuwa jikoni anamenya viazi, na kivuli kilikuwa kimeshaingia sebuleni.

Asubuhi ya Jumamosi mambo yalikwenda mbio. Keneuwe alikunywa motoho, ule uji mchachu wa mtama, vikombe viwili, hakuweza zaidi. Ntate Lebusa akaja na pikapu, akayavua magurudumu, akapanga vyote nyuma juu ya mablanketi. Walipofika uwanjani akayarudisha mahali pake. Aliinua baiskeli ya Keneuwe, akalizungusha gurudumu hewani, akaminya breki. Likasimama.

"Leo hata halilii," alisema. "Na tazameni linavyong'aa! Mnaona mtu anayejiheshimu? Tieho, baiskeli yako inafanana na kitu kilichochimbuliwa mgodini."

Keneuwe akalitazama gurudumu, akakunja uso kidogo, lakini wakati ule ule aliitwa kwenda kubandikwa namba mgongoni. Mma-Keneuwe hakusema kitu. Alikunja mikono juu ya tumbo, na ndani alikuwa kama mtu aliyepigiwa vigelegele.

Furaha ile haikumaliza nusu saa.

Mma-Tieho, mama wa yule mvulana, alikuwa amekuja na beseni la makwinya, maandazi makubwa ya kukaanga, anawauzia watu uwanjani. Tieho alikula mawili, na kwa mikono ile ile akakamata gurudumu la mwenzake alisogeze. Ntate Lebusa alimfokea mpaka watu wakageuka.

"Wewe! Afadhali ungetia kidole kwenye jicho langu! Nani kakufundisha kushika rimu na mafuta?" Akachomoa kitambaa na chupa ya spiriti, akaanza kufuta. "Breki ni raba inayouma chuma kikavu. Mafuta ya andazi moja yakiingia hapo katikati haiumi tena, inalamba tu. Gurudumu la hewani litasimama, ndiyo, kwa sababu halina mzigo. Likibeba mtu kwenye mteremko litakucheka."

"Hata kidogo, Ntate?" aliuliza Tieho, sasa kwa sauti ndogo.

"Hata kidogo. Haya, leteni zote nizifute. Ya Keneuwe acheni, nimeifuta mwenyewe Alhamisi, haijaguswa na mtu."

Mma-Keneuwe alikuwa hatua nne kutoka pale. Alisikia kila neno. Alihisi kama ngazi imechomolewa chini ya mguu wake.

Angesema pale pale, hadithi ingekuwa imekwisha na sisi tungekuwa tunacheka. Chupa ya spiriti ilikuwa wazi, mzee ana kitambaa mkononi. Neno lenyewe ni dogo: "Ntate, nimezipaka polishi." Lakini Mma-Tieho yupo na mdomo wake, watoto wapo, wazazi wa watu wapo. Na alikuwa ameambiwa mara tatu. Na alikuwa amepokea sifa, akanyamaza.  Akajiambia, nimefuta vizuri. Akajiambia, barabara ni pana. Akajiambia, ngoja watawanyike nimvute pembeni. Mzee akafunga chupa, akaenda na karatasi zake kwa wasimamizi.

"Mma-Keneuwe, mbona umepauka hivyo?" Mma-Tieho alimwita. "Njoo ule andazi. Leo Honi imekauka betri?"

"Nimeshiba," alisema, na hata hakujua anasema nini.

Wasichana walizungushwa uwanja mara moja nyuma ya gari, polepole kama msafara wa mazishi, ili waione njia. Mama alisimama kwenye uzio, macho kwenye namba kumi na tisa. Waliporudi gari likasimama, wasichana nao wakasimama mmoja mmoja. Keneuwe hakusimama. Aliteleza mbele taratibu mpaka gurudumu lake likamgonga msichana aliyekuwa mbele.

"Vipi wewe, unalala?" msichana akageuka.

"Samahani, dada. Mkono umeteleza."

Mkono haukuteleza. Katika watu wote waliokuwa pale ni mmoja tu aliyejua, na huyo alianza kukimbia.

Alifika kwenye geti dogo la kuingilia barabarani. Kijana wa ulinzi mwenye fulana ya njano akanyoosha mkono. "Mama, haruhusiwi mtu."

"Mwanangu yuko pale. Niache niseme naye neno moja."

"Mama zangu wote leo wana neno moja. Rudi nyuma, tafadhali."

"Baiskeli yake ni mbovu!"

"Hiyo kazi ya kocha wake, mama. Mwambie yeye."

Akaita kwa sauti yake yote. "Keneuwe! Keneuwe, breki! Usiende!" Kule kwenye mstari namba kumi na tisa iliinamisha kichwa. Mama aliona mabega ya mwanawe yakipanda karibu na masikio, kama kila asubuhi getini. Hakugeuka. Bastola ikalia.

Hapo ndipo alipoelewa alivyokuwa maskini. Miezi saba alikuwa ametumia sauti yake kwa malori ambayo hayakuwepo, na leo, siku ya hatari yenyewe, haikubaki hata ya kumgeuza mtoto shingo.

Kundi likapita kama kitambaa kinachochanwa, likapotea nyuma ya majukwaa. Kiwiko kilikuwa upande ule. Alihesabu. Alihesabu bila kujua anahesabu nini. Mtu wa kipaza sauti alikuwa anapiga soga na hakusema kitu cha maana. Halafu rangi zikatokea mwisho wa barabara, na kumi na tisa alikuwepo, nyuma kabisa ya kundi. Mzunguko wa kwanza walikuwa wamekwenda kwa kuogopana, hakuna aliyekimbia. Mzunguko wa pili hautakuwa hivyo.

Ntate Lebusa alikuwa upande wa pili, kwenye ile njia ya pembeni ambako magari huingia kubadilisha matairi, amesimama na magurudumu ya akiba, kofia kichwani. Ili kumfikia ilibidi kuzunguka nyuma ya majukwaa yote. Mma-Keneuwe alivua viatu. Alikimbia na viatu mkononi, kilemba kikaanguka akakiacha, akawapita watu wenye viti vyao vya kukunja na miavuli yao. Aliposikia kundi likipita tena kwa kishindo alikuwa bado nyuma ya ukuta, hakuweza hata kuona kama kumi na tisa bado yumo.

Alipofika hakuwa na pumzi. Alimshika mzee mkono wa shati.

"Yumo? Keneuwe yumo?"

"Yumo, ametoka Kiwiko na kasi kuliko wenzake, amesogea mpaka wa nne! Tulia, mama. Sasa hivi nampandishia kofia."

"Usipandishe!" Na pale, mbele ya makocha wa watu na wasaidizi wao, Mma-Keneuwe akalitoa. "Nimezipaka polishi, Ntate. Rimu zote mbili. Jana. Polishi ya baraza."

Mzee alimtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja.

"Pande zote?"

"Pande zote. Nikasugua."

"Na ulisikia nilivyomwambia Tieho?"

"Nilisikia."

Hakumtukana. Alitazama magurudumu aliyokuwa ameshika, akatikisa kichwa. "Haya hayatasaidia. Raba zake zimeshakula polishi, zitayapaka na haya." Akayaweka chini. Akavua kofia, akaitupa. Halafu yule mzee wa magoti mabovu akashika ukuta kwa mkono mmoja, akajishusha, akakaa chini juu ya lami, katikati ya njia, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayesubiri uji.

"Kaa na wewe," alisema. "Atuone."

Akakaa. Lami ilikuwa ya moto. Walikaa hivyo wawili, watu wakiwashangaa, mtu mmoja akauliza kama kuna aliyezimia.  Midomo ya Ntate Lebusa ilikuwa inahesabu, na Mma-Keneuwe akajua anachohesabu: sasa wako mteremkoni, sasa Kiwiko.

 Kisha kule nyuma ya majukwaa ikasikika sauti kali ya breki nyingi kwa pamoja, na watu wa upande ule wakapiga ukelele wa "Aah!"

Mama alifumba macho. Hakuomba kwa maneno. Alishika vidole vya mzee, na vidole vya mzee navyo vilikuwa baridi.

"Fumbua," alisema mzee. "Fumbua macho, wanakuja."

Walikuja wamenyooka mstari mrefu. Wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi. Kumi na tisa hakuwemo. Kundi lote likapita. Halafu barabara ikawa tupu, na katika ule utupu akatokea msichana mmoja, peke yake, jezi ya buluu ya klabu, hapigi pedali. Alikuwa ametoka nje ya lami pale Kiwiko, akapita kwenye changarawe kwa bahati na kwa akili, akarudi barabarani. Sasa alikuwa anainama tayari kuanza kuwafukuza wenzake. Akatazama pembeni kutafuta kofia.

Akamwona Ntate Lebusa amekaa chini.

Alimpita. Aligeuza kichwa, akamtazama tena, kama mtu asiyeamini. Mguu wake uliwahi kukanyaga pedali mara mbili tatu, kwa hasira, na mama yake aliona kabisa binti anavyoshindana na miezi yake saba. Kisha akaacha kukanyaga, akaukata usukani kushoto, akaingia ile njia ya pembeni kwa kuvuka nyasi, akarudi upande wao, akaminya breki zote mbili mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe.

Baiskeli haikujali. Akawapita wote wawili waliokaa, akampita msaidizi mmoja aliyeshika magurudumu ya akiba, akaenda kuingia kwenye lundo la matairi mwisho wa njia, bega kwanza.

Alipoinuka alikuwa amechunika kiwiko cha mkono, basi. Hakulia. Aliiinua baiskeli, akapitisha kidole gumba kwenye rimu, akakitazama. Kilikuwa chekundu. Akakinusa. Harufu ile aliifahamu tangu akiwa anatambaa.

"Mama," alisema, si kwa kelele.

"Ni mimi," akasema mama yake. "Nilijua kabla hamjaanza. Niliona haya kusema."

Keneuwe akaweka baiskeli chini polepole, akaenda kukaa ndani ya pikapu, akafunga mlango. Mashindano yaliendelea. Sita wa mwanzo walipatikana, wakapigwa picha.

Siku tisa hakuzungumza na mama yake zaidi ya "ndiyo" na "nimeshakula". Mama naye hakujitetea. Jumapili ya pili alisimama mbele ya wazazi wa klabu, na Mma-Tieho yupo hapo mstari wa mbele, akaeleza kopo, soksi, sifa alizozipokea, na chupa ya spiriti iliyokuwa wazi mbele yake akanyamaza. Alitarajia kicheko. Mma-Tieho alisema tu, "Mimi ya Tieho ningeipaka mafuta ya makwinya," na kina mama kadhaa wakatazama chini, kila mmoja na lake.

Enyi mliozaa, polishi si kosa la kuua. Mkono wa mama hugusa, ndivyo ulivyo. Kinachoua ni ile nusu saa ya kuona haya wakati chupa iko wazi na mtu mwenye kitambaa yupo mbele yako. Sema. Wakucheke. Na hofu zako usizipige kila asubuhi kama honi, ubakize moja ambayo mtoto ataigeukia.

Sasa baiskeli inalala sebuleni tena. Keneuwe ameizungushia mstari wa chaki sakafuni, na mama yake akipita na soksi yake huinua gauni asiukanyage. Ijumaa moja alikuwa barazani, magoti chini, polishi mpaka kwenye viwiko, akasikia sauti kutoka ndani.

"Mama! Njoo unishikie gurudumu hili, nashindwa kulirudisha."

Akasimama haraka, karibu apindue kopo.

"Nawa kwanza," sauti ikasema. "Kwa sabuni. Mara mbili."

Akanawa mara tatu.